Golf GTI iliyolala miaka kumi: jinsi ya kuirudisha barabarani

Hachibeki ya zamani yenye nguvu ikilala miaka kumi chini ya mti, mara nyingi injini yake bado ni nzima. Kinachoiua ni siku ambayo mmiliki mpya wa gari anakuja na betri ya kuazima, anamimina lita mbili za petroli na kupiga stata aone kama litawaka. Silinda kavu zinakwaruzwa, kutu iliyoingia kwenye tangi inavutwa mpaka kwenye nozeli zinazorusha petroli ndani ya injini, na mkanda wa taimingi uliokauka unanyonyoka meno. Kazi ambayo ingeisha kwa wikendi mbili na oili mpya inageuka kuwa ya kufungua injini nzima.

Kwa hiyo kazi ifuate mpangilio huu: bodi, breki, miguu ya gari, halafu injini. Tunajua hamu ya kusikia muungurumo ilivyo, lakini gari linalowaka na halisimami ni mzigo mbaya kuliko lisilowaka.

Maelezo haya yanafuata Volkswagen Golf GTI ya kizazi cha pili, iliyoanza kuuzwa 1984, yenye injini ya cc 1781. Mwenye Peugeot 205 GTI au Ford Escort XR3i anaweza kufuata mpangilio uleule, ila vipimo achukue kwenye kitabu cha gari lake.

Jua kwanza una gari gani

Namba ya chasi imegongwa kwenye ukuta wa nyuma wa chumba cha injini. Ilinganishe na hati za gari kabla ya kununua hata bolti moja. Kisha tafuta herufi za injini, zilizogongwa kwenye bloku chini kidogo ya mahali inapokutana na silinda hedi.

EV ni ya valvu 8, nguvu za farasi 112, na petroli yake inagawiwa na mfumo wa Bosch K-Jetronic unaotegemea shinikizo na hewa, bila kompyuta. PB ilikuja 1987 ikiwa na Digifant, inayoongozwa na kompyuta. KR ni ya valvu 16, nguvu za farasi 139. Tofauti hizi zina uzito: mkanda wa taimingi ukikatika kwenye EV, valvu na pistoni hazigongani, unafunga mwingine unaendelea. Ukikatika kwenye KR, valvu zinapinda. Mwenye KR asipige stata hata mara moja akiwa na mkanda wa zamani. Kuanzia hapa, pasipotajwa aina nyingine, tunazungumzia EV.

Kutu ndiyo inayoamua kama kazi inafaa

Chukua bisibisi butu, nyundo ndogo, tochi, na sumaku iliyofungwa kitambaa chembamba. Bisibisi inakuonyesha bati lililooza. Sumaku inakuonyesha mahali ambapo mtu alijaza puti badala ya kuchomelea, maana haitashika. Golf hii inaoza mahali pale pale kila mara:

- Shingo ya kujazia petroli, nyuma ya tairi la nyuma kulia. Tangi lenyewe ni la plastiki, haliozi, lakini shingo ni ya chuma na tope hulala juu yake. Ikitoboka, maji na unga wa kutu vinashuka moja kwa moja ndani ya tangi. Tutairudia kwenye petroli.
- Mfereji ulio chini ya kioo cha mbele, unaofunikwa na plastiki ya wipa. Majani yakiziba matundu yake, maji yanasimama, bati linaoza, na kinachofuata ni maji kudondoka ndani juu ya boksi la fyuzi.
- Vizingiti vya milango na sehemu nne za kupigia jeki.
- Vikombe vya juu vya shokapu za mbele, na mahali ekseli ya nyuma inaposhika bodi.
- Kona za chini za kioo cha mbele, na ukingo wa chini wa mlango wa nyuma.

Mabawa ya mbele yamefungwa kwa bolti. Yakiwa na matundu, ni usumbufu tu, si hatari. Kutu inayotisha ni ile iliyo karibu na mahali panapobeba mzigo: mikanda ya usalama, miguu ya gari, usukani. Ukaguzi wa magari wa Uingereza huhesabu eneo la sentimita 30 kuzunguka mahali hapo, na ni kipimo kizuri cha kujiwekea popote ulipo. Kama vikombe vya shokapu na mashiko ya ekseli vyote vimeoza, tafuta bodi nyingine na hili ulitumie kwa vipuri.

Kuchomelea kizingiti kuna mitego mitatu. Wa kwanza ni moto: toa betri, chomoa alteneta, ng'oa zulia na soketi zilizo karibu, na ukifanya kazi upande wa nyuma shusha tangi kabisa. Wa pili ni bodi kujikunja. Kizingiti kikikatwa chote, gari linalegea katikati na mlango haufungi tena. Chomelea kwanza bomba la chuma kutoka nguzo ya mbele hadi ya katikati kwenye uwazi wa mlango, na ukate kipande kwa kipande. Wa tatu ni joto. Bati la bodi ni jembamba, karibu milimita 0.8, hivyo choma nukta, ruka sentimita kumi, choma nyingine, rudi baadaye ujaze katikati. Ukivuta mstari mmoja mrefu, bati litakunjamana kama karatasi iliyolowa. Kwa kizingiti tumia bati la milimita 1 hadi 1.2, na mashine ya gesi yenye waya wa milimita 0.6.

Ukimaliza: praima ya zinki, silanti kwenye maungio, rangi, na mwisho nta ya majimaji ndani ya kizingiti kupitia matundu yake. Matundu ya kutolea maji yabaki wazi. Ukiyaziba kwa silanti, kizingiti kipya kitaanza kuoza kutoka ndani bila wewe kuona.

Breki

Mafuta ya breki hunywa unyevu wa hewani. Gari likilala, maji hayo yanakaa chini ya masta silinda na ndani ya kalipa, na hapo chuma kinaota vidonda. Pedali inaweza kuwa ngumu na nzuri gari likiwa limesimama, lakini hiyo haithibitishi lolote.

Weka gari juu ya stendi nne za chuma, kwenye sakafu ngumu. Si juu ya jeki peke yake, si juu ya matofali. Toa magurudumu yote na ukague kwa mpangilio huu.

Diski za mbele za EV zina kipenyo cha milimita 239 na unene wa 20 zikiwa mpya. Zikifika 18 zimekwisha. Za nyuma ni 226 kwa 10, mwisho wake 8. Diski iliyolala ina kovu la kutu mahali pedi ilipokuwa imegusa. Kovu likiwa na kina unachokihisi kwa ukucha, badilisha diski zote mbili za ekseli hiyo. Pedi badilisha bila kufikiri: gundi ya pedi ya zamani huachia, na pedi inabanduka kwenye bati lake.

Kalipa za nyuma ndizo zinazosumbua zaidi. Kikono cha hendibreki kinaingia ndani ya kalipa yenyewe, na mpira wake ukipasuka kinashika kutu na kubaki nusu kimevutwa. Kiachie kwa mafuta ya kulegeza kutu na ukichezeshe mpaka kirudi chenyewe kwa springi. Kisiporudi, fungua kalipa au badilisha. Unaporudisha pistoni ndani ili pedi mpya ziingie, usiisukume kwa klampu. Hiyo hurudi kwa kuzungushwa kufuata saa huku ikisukumwa, kwa chombo chenye meno mawili yanayoingia kwenye mapengo ya pistoni. Anayeisukuma kwa nguvu anavunja mtambo wa hendibreki ulio ndani, halafu anashangaa kwa nini hendibreki haishiki.

Mabomba ya chuma yanayokwenda nyuma yanaoza zaidi juu ya tangi na karibu na ekseli, mahali usipoona. Weka ya shaba na nikeli, kipenyo cha milimita 4.75, nati za M10 × 1. Hapa kuna jambo dogo linaloangusha wengi: mdomo wa bomba la Volkswagen hupanuliwa kwa umbo la kiputo, sio faneli ya kukunjwa mara mbili inayotumiwa na magari mengine. Ukiufanyia umbo lisilo lake, nati utaikaza mpaka ichune na bado bomba litavuja. Hosi za mpira badilisha zote. Kwa nje huonekana nzima, ndani zimevimba: breki inashika, mafuta hayarudi, na gurudumu linaburuta.

Sasa kutoa hewa. Watu wengi huharibu masta silinda nzima hapa. Kwa miaka yote mipira ya ndani ya masta silinda imekuwa ikitembea sehemu ya kwanza tu ya njia yake. Sehemu iliyobaki ina kutu. Ukimwambia msaidizi akanyage pedali mpaka chini, midomo ya mipira inapita juu ya kutu ile na kuchanika. Kesho yake pedali inazama polepole ukiwa umesimama kwenye taa. Weka kipande cha ubao chini ya pedali ili isifike mwisho, au tumia chupa ya shinikizo, isizidi bar 1.

1. Nyonya mafuta ya zamani kwenye kikombe cha masta silinda kwa bomba la sindano, futa tope, jaza mafuta mapya ya breki ya DOT 4 kutoka chupa ambayo haijafunguliwa.
2. Kama gari lako lina valvu ya kupunguza nguvu ya breki za nyuma, yenye kikono na springi kwenye ekseli, hamisha stendi za nyuma ziwe chini ya ekseli yenyewe. Ekseli ikining'inia, valvu hudhani gari ni tupu, inabana, na hewa inabaki nyuma.
3. Anza nyuma kulia, kisha nyuma kushoto, mbele kulia, mbele kushoto.
4. Kila gurudumu, toa mpaka mafuta yawe safi na yasiwe na kiputo. Angalia kikombe kila baada ya mikanyago mitano. Kikikauka unaanza upya. Lita 1 inatosha gari zima na kubaki.
5. Kanyaga pedali mara kadhaa mpaka kalipa za nyuma zijirekebishe. Hapo tu ndipo urekebishe waya za hendibreki, na ukimaliza, hendibreki ikiwa imeachiwa, vikono vya kalipa viwe vimerudi kwenye vituo vyake au viwe mbali navyo kwa milimita moja tu. Ukianza na waya, kalipa hazitajirekebisha kamwe.

Skrubu ya kutolea hewa iliyoshika kutu isikazwe wala kulegezwa kwa hasira. Ipake mafuta ya kulegeza siku moja kabla, igonge kidogo kichwani, tumia boksi spana ya pembe sita. Ikikatika ndani ya kalipa, kazi ya dakika tano inakuwa ya nusu siku.

Miguu ya gari

Shika tairi juu na chini ulitikise: mchezo ni beringi au boljointi. Shika kushoto na kulia: mchezo ni ncha za fimbo za usukani. Bushi ya nyuma ya mkono wa chini ikipasuka, gari hubadili mwelekeo kila ukikanyaga breki. Bushi za ekseli ya nyuma zikichoka, sehemu ya nyuma inachelewa kufuata kona. Kwenye 205 GTI ugonjwa wa nyuma ni mwingine: beringi za ndani ya ekseli hula shafti, na magurudumu ya nyuma huanza kuinama ndani kwa juu. Ukiona hivyo, hesabu gharama ya ekseli nzima.

Bolti inayopita kwenye bushi ya mpira haikazwi mwisho gari likiwa linaning'inia. Ifunge kwa mkono, teremsha gari, lisukume chini mara kadhaa, ndipo ukaze. Bushi iliyokazwa ikiwa inaning'inia imesokotwa muda wote gari likiwa chini, na baada ya miezi michache inachanika.

Mpira wa draivu shafti ukiwa umepasuka lakini haujalia, safisha jointi, weka grisi mpya na mpira mpya. Bolti za upande wa giaboksi zina tundu la nyota yenye pembe 12. Kabla ya kuingiza spana, kwangua uchafu wote ndani ya tundu kwa sindano nene au msumari, kisha gonga spana mpaka ifike chini. Tope la milimita mbili linatosha kuifanya spana ishike juujuu na kuchuna pembe zote. Unaporudisha, kaza kwa Nm 45 (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza).

Tairi soma tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi iliyolala na gari kwa miaka kumi itupe hata kama kashata zake ni nzima, maana mpira umekauka. Golf hii hutumia 185/60 R14, bolti za magurudumu Nm 110.

Injini: kuiamsha bila kuiumiza

1. Puliza uchafu kuzunguka plagi, zitoe zote nne. Plagi ikikaza, rudi nyuma kidogo, weka mafuta ya kulegeza, ngoja mpaka kesho. Nyuzi za silinda hedi ni za alumini.
2. Mimina kijiko kimoja cha chai cha oili nyembamba kwenye kila silinda. Ngoja saa 24.
3. Mwaga oili ya zamani na uitazame. Ikiwa na rangi ya maziwa, maji yameingia: gasketi ya hedi inachunguzwa kabla ya jambo lingine lolote.
4. Zungusha injini kwa spana kwenye bolti ya krenki, kufuata saa, mizunguko miwili kamili. Usiizungushe kwa bolti ya kamshafti. Ikigoma, usilazimishe, jaza silinda mchanganyiko wa nusu kwa nusu wa mafuta ya giaboksi ya otomatiki na asetoni, mbali na cheche, ngoja siku mbili au tatu, kisha ichezeshe mbele na nyuma kidogo kidogo.
5. Badilisha mkanda wa taimingi, tenshena na pampu ya maji.
6. Filta mpya iliyojazwa oili, na oili ya 10W-40 au 15W-40, takriban lita 4. Simamia kijiti cha oili, si hesabu.
7. Plagi zikiwa bado nje na mfumo wa cheche umechomolewa waya wake mwembamba wa umeme, piga stata kwa sekunde kumi kumi mpaka taa ya oili izimike. Usiache cheche ikose pa kwenda. Moduli ya umeme inaweza kuungua.

Mkanda unastahili maelezo zaidi. Kuna alama tatu na zote zikubaliane: nukta ya gia ya kamshafti iwe sawa na ukingo wa juu wa silinda hedi, alama ya 0 ionekane kwenye tundu la giaboksi, na mkato wa puli ya krenki uelekee nukta ya gia ya kati. Hiyo gia ya kati ndiyo inayosahaulika. Haihusiki na valvu, lakini inazungusha distributa, na ikiruka jino moja injini itawaka kwa shida, itapiga chafya kwenye mfumo wa hewa, na utahangaika na petroli wiki nzima bure. Rota ya distributa ielekee mkato ulio kwenye ukingo wake, ndio silinda ya 1.

Mvutano wa mkanda: ushike kwa kidole gumba na cha shahada katikati ya gia ya kamshafti na ya kati, uusokote. Ufike nyuzi 90 na usizidi. Ukiusokota kwa urahisi zaidi umelegea, usipofika umekazwa mno na utalia kama mluzi. Nati ya tenshena Nm 45, kisha zungusha injini mara mbili kwa mkono na uangalie alama zote tena.

Pima kompresheni kabla ya kurudisha plagi, mafuta yakiwa yamekanyagwa mpaka mwisho. Injini nzima hutoa bar 10 hadi 13, lakini tofauti kati ya silinda ndiyo inayosema zaidi kuliko namba yenyewe. Ikizidi bar 3, mimina kijiko cha oili kwenye silinda dhaifu upime tena: ikipanda ni ringi, isipopanda ni valvu au gasketi. Injini iliyolala wakati mwingine husoma chini kwa sababu ringi zimenata tu. Ipe nafasi ya kuwaka na kutembea kidogo kabla ya kuihukumu.

Plagi zirudi zikiwa na mwanya wa milimita 0.7 hadi 0.8, mpangilio wa kuwaka 1-3-4-2.

Petroli

Petroli ya miaka kumi hunuka kama vanishi. Haifai kuchanganywa na mpya, wala kuonjeshwa injini. Shusha tangi, limwage, lisuuze, badilisha shingo ya chuma kama imeoza. Usirudishe tangi safi chini ya shingo yenye kutu. Ndani ya mwezi utaanza upya.

Pampu zipo mbili: ndogo ndani ya tangi inayosukuma, na kubwa chini ya gari mbele ya gurudumu la nyuma kulia, pamoja na filta na chungu cha kutunza shinikizo. Chujio la pampu ndogo likiziba, ile kubwa hulia kwa sauti ya juu, na watu huibadilisha bure.

Hosi ziwe za magari ya nozeli. Hosi ya kabureta haifai kabisa: mfumo huu unafanya kazi kwa takriban bar 5, na petroli inayotiririka kwa shinikizo hilo juu ya ekzosi ya moto huteketeza gari lote. Weka kizimamoto karibu kuanzia hapa.

Kabla ya kuunganisha nozeli kwenye injini, zijaribu kwenye chupa. Toa nozeli nne zikiwa na mabomba yake, kila moja kwenye chupa yake ya kioo, washa pampu kwa kuunganisha soketi ya relei kwa waya wenye fyuzi, na uinue taratibu sahani ya hewa, ile inayoinuliwa na hewa inayovutwa na injini. Unatafuta miavuli minne inayofanana. Nozeli inayorusha mstari kama bomba la maji imeziba. Sahani ikiwa chini na nozeli inadondosha tone baada ya tone, haifungi. Chupa zijae kwa kiwango kimoja. Moja ikibaki nyuma, badilisha mahali pa nozeli mbili. Tatizo likihama na nozeli, ni nozeli. Likibaki kwenye bomba lile lile, ni kichwa cha kugawia petroli.

Sahani yenyewe ipande kwa uzito ulio sawa mwanzo mpaka mwisho. Ikikwama katikati, plunja ndani ya kichwa cha kugawia imenata kwa vanishi. Hiyo hutolewa, huoshwa kwa petroli safi na kurudishwa bila kuguswa kwa msasa. Ikikuponyoka na kuanguka sakafuni, hesabu kichwa kingine.

Unaporudisha nozeli, weka mipira mipya. Mipira iliyokauka huingiza hewa, na injini hutetemeka isipokanyagwa mafuta lakini hutulia ukikanyaga. Nyunyiza maji kidogo kuzunguka kila nozeli injini ikiwa inaunguruma. Mdundo ukibadilika, umepata tundu.

Umeme na maji ya kupozea

Safisha kwa msasa waya za arthi, ule wa betri kwenda giaboksi na zile za nyuma ya boksi la fyuzi, kabla hujanunua kifaa chochote. Injini ikiwa inaunguruma, betri isome volti 13.8 hadi 14.4. Taa za mbele za Golf hii ni hafifu kwa sababu umeme wake wote hupita kwenye swichi ya dashibodi. Relei mbili na waya nene kutoka betri huzifufua, na swichi huacha kupata moto.

Rejeta isuuzwe kwa maji kinyumenyume, hosi zote mpya, thamostati mpya, kulanti na maji nusu kwa nusu. Angalia viunganishi vya plastiki vya hosi ubavuni mwa silinda hedi: vikizeeka hupasuka bila onyo.

Kuwasha na kutembea

Iwashe nje, gari likiwa juu ya matairi, mtu mmoja akiangalia chini kama petroli inavuja. Taa ya oili isipozimika ndani ya sekunde tano, zima. Ikishapata joto, feni ya rejeta ianze kati ya nyuzi 92 na 97. Isipoanza, zima na uchunguze swichi yake kabla injini haijachemsha. Taimingi ya cheche weka nyuzi 6 kabla ya pistoni kufika juu, mizunguko kati ya 900 na 1000 kwa dakika. Oili ikiwa ya moto, kwenye mizunguko 2000 shinikizo lisipungue bar 2.

Moshi usome hivi. Mweupe wenye harufu tamu usioisha ni kulanti inaungua. Mweusi ni petroli nyingi. Wa bluu unapoachia mafuta ukishuka mteremko ni mipira ya valvu, ambayo hukauka ikilala na kubadilishwa bila kung'oa hedi. Wa bluu unapokanyaga ni ringi.

Safari ya kwanza iwe mahali pasipo na watu. Jaribu breki kwa kilomita 10 kwa saa, kisha 30, mikono ikiwa wazi kidogo kwenye usukani uone kama gari linavuta upande. Pedi mpya zizoeshe kwa kushuka kutoka 60 hadi 20 mara kumi, ukiacha diski zipoe katikati, bila kusimama ukiwa umeshikilia pedali. Ukirudi, karibisha mkono karibu na kila rimu bila kuigusa: inayotoa joto zaidi ya nyingine ina kalipa inayoburuta.

Baada ya kilomita 50 kaza tena bolti za magurudumu kwa Nm 110 na uangalie mabomba yote ya breki. Kilomita 500, mwaga oili hata kama inaonekana safi, kwa sababu imebeba uchafu wa miaka yote, na badilisha filta ya petroli kwa mara ya pili. Ikate ile ya zamani uone ndani: ukikuta unga mwekundu, bado kuna kutu kwenye tangi.